Pikapu ya Milango Miwili Ingali na Faida?

Likizo iliyopita nyumbani kulikuwa na mashauri makubwa: baba anunue pikapu ya milango miwili au minne? Mama alitaka minne, tupate kukaa ndani sote. Nami nilitwaa futi nikazipima. Bodi ya Hilux ya milango miwili yapata mita 2.3, ya minne yapata 1.5 tu, kwani viti vya nyuma vimekula nafasi, navyo havipakiwi gunia hata vikiwa vitupu. Huko Marekani watu wamependelea viti: Ford Maverick, iliyoanza kuuzwa mwaka 2021, ina milango minne tu. Lakini sisi twauza vitunguu, na karo yangu hutoka humo. Baba alichukua ya miwili. Siku ya kufungua shule mama na mdogo wangu waliketi mbele naye. Mimi nilikuja kwa basi.