Kuchagua Simu ya Mkononi kwa Mtu Asiyeona: Mambo ya Kuzingatia

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu hapa Uganda hana budi kuwa na simu ya mkononi. Mabadiliko ya ratiba hutumwa katika kundi la WhatsApp, maswali ya mazoezi hutumwa huko huko, na fedha za matumizi kutoka nyumbani hufika kwa njia ya simu. Kwa mwanafunzi asiyeona, jambo hili lina uzito zaidi. Akiwa na simu asiyoweza kuitumia mwenyewe, atamwomba mwenzake amsomee ujumbe, na siku ya kutoa fedha atamtajia namba yake ya siri. Mtu anayesomewa barua zake zote hana faragha, na mtu anayetaja namba yake ya siri amekabidhi mfuko wake. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua simu itakayomwondolea mwanafunzi, au mwalimu, utegemezi huo.

Kisomaskrini ni nini?

Kisomaskrini ni programu inayotamka kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo cha simu. Mtumiaji hupitisha kidole juu ya kioo na kusikia jina la kila kitu anachokigusa. Akitaka kukifungua, hugonga mara mbili. Akitelezesha kidole kulia, husogea hadi kitu kinachofuata. Akitelezesha kushoto, hurudi nyuma.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 2000, mtu asiyeona aliyetaka simu inayosema alinunua aina fulani za Nokia, kisha akanunua programu kama Talks au Mobile Speak kando, kwa bei ya juu. Mwaka 2009 ulileta mabadiliko makubwa. Kampuni ya Apple ilitoa iPhone 3GS ikiwa na kisomaskrini VoiceOver ndani yake, na mwaka huo huo kisomaskrini TalkBack kikaingia katika simu za Android. Tangu hapo mtumiaji hahitaji tena kununua programu ya pili. Hata hivyo, si kila simu iliyomo dukani inafaa.

Aina tatu za simu

Aina ya kwanza ni simu ndogo ya vitufe, ile inayoitwa simu ya tochi. Bei yake ni nafuu, chaji yake hukaa siku kadhaa, na kitufe cha 5 huwa na alama ya kupapasa inayomwongoza mtumiaji kwenye vitufe vingine. Inafaa kwa kupiga na kupokea simu. Lakini nyingi kati ya simu hizi hazisomi ujumbe wala menyu, hivyo mwenye nayo bado atahitaji macho ya mwingine.

Aina ya pili ni simu za Android. Hizi ndizo nyingi katika maduka ya Kampala, na bei zake hutofautiana sana. Tatizo liko katika zile za bei ya chini kabisa: kumbukumbu ikiwa ndogo, kisomaskrini huchelewa kujibu. Mtumiaji hugusa, husubiri, hugusa tena, na mwishowe hufungua kitu asichokitaka. Kwa anayeona, simu nzito ni kero ndogo; kwa anayesikiliza, humpotezea njia. Ni afadhali simu iliyotumika yenye nguvu kuliko simu mpya iliyo dhaifu.

Aina ya tatu ni iPhone. VoiceOver husifiwa kwa uthabiti wake, nayo huwashwa kwa urahisi. Vikwazo vyake ni bei na lugha, kama tutakavyoona.

Suala la sauti ya Kiswahili

Hapa ndipo walimu wa lugha tunapohusika moja kwa moja. Kisomaskrini hutamka kwa kufuata kanuni za sauti iliyochaguliwa. Simu ikiwa na sauti ya Kiingereza peke yake, matini ya Kiswahili huharibika: neno "wake" hutamkwa "weik", "pole" huwa "poul", na "kale" huwa "keil". Mwanafunzi anayesikiliza sentensi ya namna hiyo hawezi kufuata upatanisho wa kisarufi, sembuse kufurahia shairi.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, ni lugha rahisi kutamkwa na mashine. Tahajia yake hukaribiana sana na matamshi, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mifano ya kukiuka kanuni hiyo ni michache, kwa mfano "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambayo hukazwa katika silabi ya pili, tofauti na "barabara" ya magari. Simu za Android zinazotumia huduma ya sauti ya Google zinaweza kuwekewa sauti ya Kiswahili bila malipo. Programu huria ya eSpeak nayo ina Kiswahili. Sauti yake ni ya kimashine, lakini ni nyepesi hata kwa simu ndogo. Kwa upande wa iPhone, orodha ya sauti za VoiceOver ilikosa Kiswahili kwa miaka mingi. Kwa hiyo mnunuzi afungue orodha hiyo kabla ya kulipa, asitegemee maneno ya muuzaji.

Hata sauti nzuri ina mpaka wake. "Kwa sababu" na "kwasababu" husikika sawasawa, ilhali la pili ni kosa la tahajia. Mwanafunzi anayesikiliza tu hujifunza kusema bila kujifunza kuandika. Ndiyo maana ni muhimu ajue kukiagiza kisomaskrini kisome neno kwa neno, na herufi kwa herufi. Aidha, TalkBack tangu mwaka 2020, na iPhone tangu mwaka 2014, zimekuwa na njia ya kuandika nukta nundu juu ya kioo chenyewe kwa vidole sita, bila kifaa cha ziada. Anayeandika Kiswahili achague nukta nundu zisizo na vifupisho, kwani vifupisho vya Kiingereza havina nafasi katika maneno yetu.

Majaribio ya kufanya dukani

Mnunuzi asikubali kuuziwa simu iliyofungwa ndani ya boksi. Aombe kuijaribu, na afanye yafuatayo:

Mosi, awashe kisomaskrini. Katika simu nyingi za Android mtu hubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde chache. Kama njia hiyo haijafunguliwa, aende kwenye mipangilio ya ufikivu. Katika iPhone, humwomba Siri awashe VoiceOver. Ikiwa TalkBack haipo, aulize kama inaweza kupakuliwa hapo hapo.

Pili, apitishe kidole kwenye kioo na asikilize. Sauti ikichelewa nyuma ya kidole, simu hiyo imeshindwa mtihani.

Tatu, afungue ujumbe mfupi wa maneno na WhatsApp, asome ujumbe mmoja na kuujibu.

Nne, apige namba ya huduma ya fedha, kwa mfano *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel. Menyu hizi hujifunga zenyewe mtumiaji akichelewa. Asikilize kama kisomaskrini kinasoma chaguo zote, na kama muda unamtosha kujibu. Asiingize namba ya siri mbele ya muuzaji.

Tano, atafute tundu la vipokea sauti vya masikioni. Bila vipokea sauti, ndani ya teksi kila abiria atasikia ujumbe wake. Pia ajifunze kuzima mwanga wa kioo huku simu ikiendelea kusema. TalkBack na VoiceOver zote zina uwezo huo. Hivyo jirani hatachungulia, na chaji itadumu zaidi.

Sita, apapase vitufe vya kuwasha na vya sauti. Viwe vimeinuka vya kutosha kutofautishwa kwa kidole.

Ni vyema kwenda na rafiki, lakini simu ishikwe na atakayeitumia. Rafiki anayeona atavutiwa na ukubwa wa kioo na wingi wa kamera. Kamera ina faida yake, kwani programu kama Lookout na Seeing AI husoma karatasi iliyopigwa picha, na Be My Eyes humuunganisha mtumiaji na mtu wa kujitolea anayeona. Lakini kamera ya kawaida inatosha kwa kazi hizo.

Wajibu wa walimu

Simu nzuri haitoshi ikiwa tunayoyatuma hayasomeki. Mwalimu akipiga picha ukurasa wa maelezo na kuutuma kundini, kisomaskrini hutamka tu kwamba hiyo ni picha. Tutume maandishi yaliyopigwa chapa. Kazi za zamani zilizochapwa kwa mashine zibadilishwe kuwa maandishi, kisha zihaririwe. Tukituma jedwali la ngeli, tuandike pia sentensi za maelezo, maana jedwali lenye safu nyingi humchanganya msikilizaji. Vifupisho navyo viandikwe kwa ukamilifu pale inapowezekana: "na kadhalika" husikika vizuri kuliko "n.k.".

Hitimisho

Simu inayofaa si lazima iwe ya bei ya juu. Ni ile inayojibu haraka, inayotamka Kiswahili kama Kiswahili, na inayomwezesha mwenyewe kusoma, kuandika na kulipa bila kuazima macho ya mtu. Tunawaomba wanafunzi wanaotumia visomaskrini watuelezee katika idara ni maandishi yapi yanawasumbua, ili tuyarekebishe kabla ya muhula ujao kuanza. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika jambo hili sisi tunaoona ndio wageni, nao ndio wenyeji wa kutufundisha.