Ngozi Inapolegea Kabla ya Uzee

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yaafiki mno maradhi adimu yaitwayo kitaalamu kutisi laksa ya ukubwani, yaani ulegevu wa ngozi ambao mtu hakuzaliwa nao. Ngozi ya uso, shingo na makwapa hulegea, ikafanya mikunjo na kuning'inia, hata mtu wa makamo akadhaniwa kuwa mkongwe.

Ili kukielewa kiini cha maradhi haya, yafaa kwanza kulitazama umbile la ngozi. Ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo elastini, ambazo huiwezesha kunyumbuka ikivutwa na kurudi mahali pake ikiachiliwa. Nyuzi hizi huundwa kwa wingi tangu mtoto akiwa tumboni hadi utotoni. Baadaye uundaji huo hupungua sana. Kwa hivyo, zikiharibiwa ukubwani, ni vigumu mwili kuzirudisha.

Uharibifu huo una vyanzo kadhaa. Kimojawapo huanzia katika uboho wa mifupa, ziliko seli za plazma. Kazi ya seli hizi ni kuunda kingamwili za aina nyingi, kila aina ikiwa na adui wake. Wakati mwingine kikundi kimoja cha seli hizo huzaana kupita kiasi na kumimina damuni protini ya aina moja tu. Hali hiyo yaweza kutulia kwa miaka mingi, au ikawa saratani iitwayo mieloma. Kwa baadhi ya wagonjwa, kingamwili hizo, au vipande vyake, hujibandika kwenye nyuzi za elastini. Wataalamu hueleza kuwa hapo mfumo wa kinga huamshwa, seli nyeupe za damu zikavutwa na kumwaga vimeng'enya vinavyozitafuna nyuzi hizo. Mlinzi amegeuka mvamizi.

Hatari haikomei kwenye sura. Elastini imo pia katika mapafu na mishipa mikubwa ya damu, nayo yaweza kuharibika. Isitoshe, protini hizo hizo zaweza kurundikana katika figo na kuzidhoofisha kimyakimya.

Ili kuyatambua maradhi haya, kipande kidogo cha ngozi hukatwa, kikatiwa rangi maalumu na kuchunguzwa kwa hadubini. Damu na mkojo navyo hupimwa ili kuitafuta protini hiyo. Matibabu huzilenga seli za plazma zenyewe. Dawa zaweza kuzuia madhara zaidi na kuziokoa figo, lakini ngozi iliyokwisha kulegea kwa kawaida hairudi ilivyokuwa. Upasuaji huweza kuirekebisha sura, ingawa ulegevu waweza kurejea.

Hivyo basi, ngozi inayolegea upesi bila sababu ya wazi si jambo la kufanyiwa mzaha wala la kufichwa kwa vipodozi. Dalili ya mvua ni mawingu. Anayeyaona mapema na kumwendea daktari huenda akaziokoa figo zake, hata kama ujana wa uso umekwisha kumtoka.