Jipu ya heshima na feza ya décompte: tuangalie kwanza chini yake

Mama mumoja wa Likasi alikuja ku ofisi yetu hapa Lubumbashi na bahasha mu mukono. Ndani kulikuwa picha tatu za motokari: BMW X5 nyeusi, Mercedes ML ya kijivu, na Lexus RX nyeupe. Bwana yake anamaliza kazi mu mugodi kisha myaka 17, na décompte yake iko karibu kutoka. "Baba anataka jipu," alituambia. "Mimi sisemi hapana. Lakini mutuandikie yale muuzishaji hatatuambia."

Basi tulivaa viatu, tukatembea. Tulizunguka mu magaraji ya Lubumbashi na Kolwezi, tukalala chini ya motokari, tukawauliza bafundi wenye mikono myeusi ya mafuta. Tuliacha kando bauzishaji, juu maneno yao tunayajua.

Tuseme jambo moja mapema. Hatuko hapa kumucheka mutu. Aliyeshuka chini ya udongo myaka 17 iko na haki ya kukaa ku kiti ya ngozi. Lakini ba papa ba Gécamines banakumbuka départ volontaire ya 2003 na 2004, wakati agents zaidi ya 10,000 walitoka na feza mu mufuko. Wengine walinunua motokari ya taksi. Uliza mu mitaa ya Kolwezi na Likasi ngapi zilitembea hata myaka miwili. Décompte inakuja mara moja tu. Nyumba, masomo ya batoto, shamba, vyote vinakaa ndani ya ile feza, na jipu inapenda kula peke yake.

Mpya, tuongee kidogo tu. Huko Marekani mu 2024 Lexus RX 350 mpya ilianza karibu na dola 49,000, na BMW X5 pamoja na Mercedes GLE, njo jina ML ilipewa tangu 2015, zilipita 60,000. Hiyo ni kabla ya meli, kabla ya njia, kabla ya DGDA. Uzuri wa mpya ni garantie, lakini garantie inafaa kama kuko garaji ya kampuni karibu, yenye mashini ya kusoma kompyuta ya motokari. Kama garaji ile iko mbali na kwako, garantie ni karatasi ya kuweka mu kabati. Kwa familia nyingi zinazosoma ukurasa huu, kitu chenyewe ni okazio. Njo pale tunakaa.

Tuanze na zile mbili za Kijerumani, hata kama X5 inatengenezwa Spartanburg na ML mu Alabama, zote mbili Marekani. Kutembea nazo ni raha, hilo tunakubali kabisa. Zinashika barabara sawa gundi. Shida ni bei yake ya leo: inashuka sana, na mutu anafikiri amepata zawadi. Motokari iliyonunuliwa bei kubwa sana zamani, hata ikizeeka, piesi zake zinabaki na bei ya zamani ile.

ML nyingi hazikai ku resori za chuma. Zinakaa ku mifuko ya mupira yenye hewa, na pompe ya umeme inajaza hewa ile. Mu barabara za lami ya Ulaya mifuko ile inaishi muda murefu. Fundi mumoja wa Kolwezi alituonyesha mufuko uliopasuka: mupira umekauka, umekuwa na mistari sawa mukono wa muzee. Pompe nayo, kwa kujaza mufuko unaovuja usiku na mchana, ilikuwa imeungua. Kwa hiyo usiende kuangalia ML saa sita ya mchana, wakati muuzishaji amekwisha kuwasha na kuitembeza. Fika asubuhi mapema, mbele moteri haijaguswa. Kama kona moja imeinama chini, sawa mbuzi mwenye kuvunjika muguu, rudi kwako. Tena, ML 350 ya esansi ya 2005 na 2006, moteri zake nyingi ziko na jino la chuma ndani linalolika mapema, na kulibadilisha kunaomba kutosha moteri yote inje. Bafundi wetu walisema hivi: kazi ile inaweza kukaribia bei ya motokari yenyewe.

X5, uangalie namba iliyoandikwa nyuma. Ile ya silinda 6 bafundi banaivumilia. Ile ya V8 yenye turbo mbili, inayoandikwa 50i, inakunywa oili sana. BMW wenyewe huko Marekani mu mwisho wa 2014 walianzisha mpango wa kuangalia na kutengeneza moteri zile. Kama kampuni yenyewe ilifika pale, wewe na fundi wako wa kona mutafanya nini? Kitu kingine watu hawajui: X5 nyingi zinatoka bila pine ya akiba, juu mapine yake yametengenezwa kutembea kidogo hata bila hewa. Kidogo, tunasema. Kati ya Likasi na Kolwezi, usiku, mvua ya Januari inanyesha, kamyo za katodi zinapita pembeni yako... Kila mutu ajaze mwenyewe.

Volvo XC90 ya kwanza iko na viti saba na ni salama kweli, lakini T6 za 2003 hadi 2005 bwati yake ya vitesi ilikuwa na sifa mbaya. Land Rover Discovery, Audi Q7 na Porsche Cayenne tuliziona pia. Hatutazitafutia nafasi hapa.

Sasa Lexus RX, ile nyeupe ya mama. Hii ni ndugu ya Toyota Harrier. Harrier ilitoka Japani mu 1997, RX ikafuata Marekani mu 1998, motokari moja majina mawili, mpaka Harrier mpya ya 2013 ilipokwenda njia yake. Maana yake kwetu ni kubwa: fundi anayejua Toyota hashangai akifungua mbele. RX 330 iko na mukaba wa moteri unaobadilishwa karibu na kilometa 150,000. Uliza kama umebadilishwa, na kama muuzishaji anasema ndiyo bila karatasi, hesabu kama hapana. RX 350 iko na munyororo, hakuna mukaba. Lakini zile za 2007 hadi 2009 ziko na kamupira kadogo ka kupitisha oili, kanakopasuka. Oili yote inamwagika mu dakika chache, moteri inakufa. Dawa yake ni bomba la chuma pahali pa mupira, kazi ndogo. Mwambie fundi aangalie pale kwanza.

RX nyingi za Marekani zinavutwa na mapine ya mbele peke yake. Muuzishaji anasema "kat-kat" juu inaonekana sawa kat-kat. Piga magoti, angalia chini: kama hakuna kardani inayokwenda nyuma, hiyo ni taksi ndefu yenye nguo ya jipu. Mu lami inatosha. Kwa kwenda shamba wakati wa mvua, haitoshi.

Na ile ya umeme na esansi, RX 400h na 450h? Esansi inapunguka kweli. Lakini batri yake kubwa inakaa chini ya kiti ya nyuma na inapumua hewa ya ndani ya motokari. Mavumbi yetu mekundu ya Julai na Agosti yanaziba pumzi ile. Ukiinunua, safisha njia za hewa mara kwa mara, na usiweke mizigo mbele yake.

Bafundi watatu kati ya bane tuliouliza walitaja motokari ambayo haikukuwa mu picha za mama: Lexus GX. Jipu hii inakaa ku shasi ya Toyota Prado. Na Prado, Hilux na Land Cruiser njo motokari ambazo mugodi inatembeza, kwa hiyo piesi ziko, bafundi beko, na hata mutoto wa garaji anajua mufuniko wa oili uko wapi. GX 470 ya 2003 hadi 2009 iko na V8 ya lita 4.7 yenye mukaba. GX 460 ilianza na model ya 2010, V8 ya lita 4.6 yenye munyororo. Nyingi nazo ziko na mifuko ya hewa, lakini ku nyuma tu, na bafundi banaitosha na kuweka resori bila vita. Ubaya wake ni tumbo. Kwa hesabu ya serikali ya Marekani GX 460 inakula karibu lita 14 kwa kilometa 100, RX 350 karibu 11 na nusu, RX 450h karibu 8. Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300: lita 42, lita 35, lita 24. Weka bei ya esansi ya leo, kisha uhesabu mara ngapi kwa mwezi utatembelea ukoo. Na kama jipu iko na turbo, usiijaze ku bidon ya makadafi. Mazutu vilevile: jipu ya mazutu ya kisasa kutoka Ulaya inaomba mazutu safi isiyo na salfa nyingi, bila vile filtri ya moshi inaziba.

Tunafika sasa pahali feza inapotea zaidi: karatasi na konta. Motokari ya Marekani inahesabu maili. Maili 100,000 ni kilometa 161,000. Muuzishaji anaonyesha 98,000 na kusema "kilometa, patron," na mutu mwenye furaha hasomi kaandiko kadogo pembeni.

Namba ya shasi ya motokari ya Marekani na Kanada iko na alama 17. Hesabu mpaka ya kumi: pale panaonyesha mwaka wa model. Namba 7 ni 2007, 8 ni 2008, 9 ni 2009. Herufi A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012, D ni 2013, E ni 2014, F ni 2015. Motokari iliyotengenezwa kwa soko la Japani haina alama 17, na za Ulaya hazifuati sheria hii kila mara. Soma namba ku chuma yenyewe, chini ya kioo cha mbele na ku mulango, kisha ulinganishe na carte rose. Zikipingana, hakuna maelezo ya kusikiliza.

Namba ile inafanya kazi ingine. Mu simu yako, fungua tovuti ya NHTSA, shirika la Marekani la usalama wa barabara, na uandike namba ile. Itakuambia kama kampuni iliita motokari ile irudi kutengenezwa na haikurudi. Hii si mambo ya kuchezea. Mifuko ya usalama ya kampuni Takata, ile inayotoka ku usukani wakati wa ajali, ilikuwa na baruti inayoharibika na joto na umri. Inapasuka na kutupa vipande vya chuma. Ilikwisha kuua zaidi ya watu 20 Marekani. X5, ML na GX 460 za myaka mingi ziko mu orodha ile.

Kisha harufu. Mafuriko ya Houston mu 2017 yalizamisha motokari nyingi sana, na motokari iliyozama inaweza kusafishwa na kuvuka bahari sawa bibi-arusi. Vuta mukaba wa kiti mpaka mwisho wake, uone kama kuna udongo. Inua tapi. Angalia kutu ku skru za chini ya viti, pale hakuna mutu anaosha.

Usukani wa kuume, Harrier nyingi za Japani zinazopita Dar es Salaam na Kasumbalesa njo ziko nao. Sisi tunatembea ku kuume. Kupita kamyo na usukani ule ni kumuomba bibi aliyekaa kushoto akuambie kama njia iko wazi. Tena uliza DGDA mbele ya kulipa, siyo kisha.

Kuhusu feza yenyewe, bafundi wote bane walikubaliana, na sisi tunakubali nao: kama uko na dola 15,000 za jipu, nunua ya 10,000. Ile 5,000 haiko yako, iko ya jipu. Mwaka wa kwanza itakuja kuiomba.

Mama wa Likasi alitupigia simu juzi. Walienda na bwana yake kuangalia ile RX nyeupe, asubuhi mapema, na fundi wao. Muuzishaji alisema ni ya 2012. Alama ya kumi ilikuwa A. Baba alinyamaza, akafunga mulango pole pole, wakarudi na basi. Wiki ijayo wanaenda Kolwezi, kuna GX mutu amewaambia.