Kwa nini maandishi ya Siyu yageuke alama za kuuliza?

MJI wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulivuma katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wake wa misahafu. Hati kama hizo, pamoja na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, leo zaweza kuorodheshwa kwenye tovuti na kusomwa popote. Lakini anayeijenga tovuti ya namna hiyo aweza kuyapoteza maneno yenyewe kabla haijafunguliwa, kisa mstari mmoja wa mipangilio.

Mtaalamu huiunda tovuti kwanza ndani ya kompyuta yake mwenyewe, akaweka humo seva na hifadhidata. Kivinjari huifikia kwa anwani 127.0.0.1, yaani kompyuta kujiita yenyewe. Vyote vikishawekwa, kazi huendelea bila intaneti, na hiyo si faida ndogo kwa mji ambao vyombo hungoja maji yajae ndipo viufikie.

Kila kompyuta ina mambo yake: jina la hifadhidata, neno la siri, majira ya saa. Hayo hayaandikwi ndani ya programu, bali katika faili ya pembeni ambayo mara nyingi huitwa .env. Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi, hufuata utaratibu huo. Faili hiyo ikishajazwa haitolewi hadharani pamoja na programu, kwani ndiyo yenye maneno ya siri. Majira nayo yaandikwe Africa/Nairobi; yakiachwa katika UTC, hati iliyoingizwa saa saba usiku itaonyesha tarehe ya jana.

Hatari kubwa imo katika usimbaji wa herufi. Kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018, hifadhidata ya MySQL isipoelekezwa ilitumia mpango wa latin1, usiozijua herufi za Kiarabu. Neno la Kiarabu likiingizwa humo laweza kuhifadhiwa kama "????", na hapo halirudi tena: hakuna awezaye kutambua alama ipi ilikuwa be na ipi te. Ubaya ni kwamba Kiswahili cha herufi za Kirumi hupita salama, hivyo mjenzi hujaribu kwa jina la Bwana Mataka, akaona mambo shwari. Inafaa aandike utf8mb4 kwenye hifadhidata na kwenye muunganisho wake, kisha ajaribu kwa پ na چ, ambazo baadhi ya waandishi wa Kiswahili huzitumia kwa sauti za p na ch.

Seva ya hadharani nayo ina faili yake. Mstari uliosahihishwa nyumbani hausafiri wenyewe. Lazima uandikwe upya huko kabla hati ya kwanza haijaingizwa.