Gavana wanampigia kura, rais hapana

Novemba 8, 2022 wakazi wa Guam walimrudisha Lou Leon Guerrero kwenye kiti cha ugavana. Guam ni kisiwa cha Marekani huko Pasifiki, na sensa ya 2020 ilipata watu 153,836. Yaani ukitaka picha, wazia Kaunti ya Lamu, watu wanakaribiana hivyo.

Mama huyu si wa kuchezewa. Alianza kama muuguzi, akawa seneta, kisha akaongoza BankGuam, benki iliyoanzishwa na babake. Mwaka wa 2018 aliponea chupuchupu kwenye mchujo wa Democratic kwa kura zisizofika 300, halafu akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana pale. Miaka minne baadaye akambwaga Felix Camacho wa Republican, gavana wa zamani aliyetaka kurudi, kwa asilimia 55 hivi ya kura.

Katikati hapo kulikuwa na corona. Machi 2020 manowari USS Theodore Roosevelt ilitia nanga Guam ikiwa na wanamaji wagonjwa. Gavana alikubali wale wasiopatikana na virusi wawekwe hotelini, maana watalii kutoka Japani na Korea Kusini walikuwa wameacha kuja. Kuna waliompinga hadharani. Mimi naona alifanya poa, sasa wangelala wapi?

Kinachoniuma ni hiki. Jeshi linashikilia zaidi ya robo ya ardhi ya kisiwa. Wenyeji ni raia wa Marekani tangu 1950, na vijana wao huvaa magwanda ya jeshi hilo. Lakini rais, ambaye ndiye amiri jeshi mkuu, hawamchagui. Mjumbe wao kwenye Bunge la Wawakilishi anaweza kuongea, ila mswada ukifika kura ya mwisho bungeni anatazama tu. Tangu 1980, kila mwaka wa uchaguzi wa rais, wao hupiga kura yao ya kuigiza. Inahesabiwa, inatangazwa, na haiendi popote bana.

Hata gavana walikuwa wakiteuliwa na rais hadi uchaguzi wa 1970. Wa kwanza kuchaguliwa? Carlos Camacho, babake Felix. Ndiyo maana kiti hiki kinapiganiwa hivyo: ndicho kikubwa zaidi ambacho kura yao inafikia.

Sheria hairuhusu zaidi ya mihula miwili mfululizo, kwa hivyo kinyang'anyiro cha 2026 Leon Guerrero hayumo.