Sumu Katika Ukungu wa Chumbani

Wapo watu wengi, na pengine wewe msomaji u mmoja wao, ambao hawapati usingizi mpaka wamesoma kwanza habari ya mauaji. Hadithi za kubuni haziwatoshi. Wataka mauaji yaliyotokea kweli, yenye tarehe, mashahidi na hukumu. Zamani maandishi ya namna hii yalihesabiwa kuwa ya ovyo, ya kusomwa kwa kificho na kufichwa chini ya mto mgeni akibisha hodi. Truman Capote alipotoa kitabu chake mwaka 1966, juu ya watu wanne wa nyumba moja waliouawa Kansas, Marekani, mwaka 1959, yalipata heshima, na tangu hapo hayajaipoteza.

Sisi hatuwalaumu wasomaji hao. Mtu aliyezisoma habari hizi kwa makini hujifunza kuuliza maswali mema: Nani alikuwapo? Nani alijua? Nani alipata faida? Nani alinyamaza ilhali ilimpasa kusema? Raia mwenye mazoea ya kuuliza hivyo hadanganyiki upesi. Lakini habari hizi zina kasoro moja. Humzoeza msomaji kumngojea mwuaji mlangoni, na kumdhania kuwa ni mtu mwenye uso na kisu. Msomaji akiisha sura ya mwisho huinuka, akajaribu komeo, akachungulia dirishani, kisha akarudi kulala kwa amani. Na kando ya kitanda chake kimekaa chombo kinachopumua usiku kucha, naye hakiulizi neno. Kwa ajili hiyo twataka kusimulia leo habari ya Korea ya Kusini, ambayo kwa maoni yetu yastahili mahali pa mbele katika rafu ya kila apendaye mambo haya.

Kwanza yatupasa kukieleza chombo chenyewe, maana sisi watu wa pwani hatuna haja nacho. Dar es Salaam au Mombasa chumvi hugandamana mezani na viatu huota kuvu kabatini. Mfanyabiashara atakayeleta huko mashine ya kuongeza unyevu hewani atakufa njaa. Katika nchi za baridi mambo ni mengine. Hewa yenye joto la nyuzi 0, hata ikijaa unyevu kabisa, huchukua maji yapata gramu 5 tu katika mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 yaweza kuchukua gramu 17 hivi. Basi hewa ya nje ikiingia nyumbani na kupashwa moto, maji yake ni yale yale gramu 5, lakini kiu yake imezidi mara tatu na zaidi. Unyevu wake washuka hata chini ya sehemu 30 katika 100, na kiu hiyo hewa huituliza popote ipatapo maji: katika midomo, pua, koo na ngozi za watu, na katika mbao za sakafu. Jamaa zetu waliohamia Toronto na Minneapolis wayajua haya, hasa akina mama wenye watoto wanaokohoa usiku.

Korea nayo ina majira ya baridi makali na makavu, na nyumba zake hupashwa moto toka sakafuni. Huko mashine za unyevu zilipendwa mno, hasa zile zinazoyatetemesha maji kwa kasi kubwa mpaka yakageuka ukungu mwembamba. Kila mwenye nyumba aliambiwa, na ni kweli, kwamba maji yaliyolala ndani ya mashine huota utelezi na vijidudu. Mwaka 1994 ikatokea bidhaa iliyoahidi kuondoa taabu ya kusugua: dawa ya maji ya kuua vijidudu, ambayo mtu huitia kidogo ndani ya tangi, kisha akawasha mashine. Makampuni mengine yakafuata. Iliyouzwa kuliko zote ilikuwa ya kampuni iitwayo Oxy, ambayo mwaka 2001 ilinunuliwa na Reckitt Benckiser ya Uingereza. Kibandiko cha chupa yake kiliwahakikishia wazazi kuwa ni salama hata kwa watoto.

Dawa iliyokuwamo huitwa PHMG. Yaua vijidudu kweli kweli. Ilikuwa imekubaliwa kwa kazi nyingine, na hatari yake ilipimwa kwa kuangalia mtu akiigusa au akiimeza. Swali la nini kitatokea mtu akiivuta mapafuni, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa miezi, halikupata jibu kabla ya chupa kupangwa madukani. Hapo, msomaji, ndipo mwuaji alipoingia, wala hakuvunja mlango.

Kuanzia mwaka 2006 madaktari wa watoto waliona ugonjwa wa ajabu uliokuja kila mwishoni mwa baridi. Mapafu ya watoto yalikuwa yakikakamaa, na wengi walikufa. Madaktari wakatafuta kirusi, wasikipate. Ndipo katika majira ya kuchipua ya mwaka 2011 hospitali kubwa moja ya Seoul ilipopokea, mmoja baada ya mwingine, wanawake wajawazito na wengine waliojifungua karibuni, wote wakishindwa kupumua. Madaktari wakaipasha habari idara ya serikali ya kuzuia magonjwa. Wachunguzi walifanya kazi ambayo mpelelezi yeyote wa vitabuni angeisifu: waliwaendea wagonjwa na wasio wagonjwa, wakauliza ni nini kilichokuwamo nyumbani kwa hawa na kisichokuwamo kwa wale. Jibu likawa ile chupa. Tarehe 31 Agosti 2011 serikali iliwashauri watu waache kuitumia, na mwezi wa Novemba, majaribio ya wanyama yalipothibitisha shaka yao, bidhaa hizo zikaamriwa kuondolewa madukani. Ugonjwa ukakoma.

Fikiri sasa ni nani walioathirika. Walikuwa wajawazito, watoto wachanga na wazee, yaani wale wanaokaa sana ndani, na wale ambao jamaa zao walijitahidi mno kuwatunza. Mama mchafu aliyesahau kuosha mashine yake alimdhuru mwanawe kidogo kuliko mama msafi aliyetia dawa kila jioni kwa mkono wake mwenyewe. Twaona kwamba katika habari yote hii hakuna jambo zito kuliko hilo, wala hakuna mahakama iwezayo kuliondoa moyoni mwa mzazi.

Mahakama zenyewe zilikwenda polepole. Ilipita miaka karibu 5 kabla mkuu wa Reckitt nchini Korea kuomba radhi mbele ya watu, mwezi Mei 2016, huku jamaa za waliokufa wakimkabili jukwaani. Januari 2017 mkuu wa zamani wa Oxy alihukumiwa kifungo cha miaka 7, kikapunguzwa kuwa 6 katika rufani. Mkuu aliyemfuata aliachiwa kwa upungufu wa ushahidi. Waliotambuliwa rasmi kuwa wamedhurika wamepita 5,000. Makampuni mengine, yaliyotumia dawa ya aina nyingine, yalikuwa na kesi yao: wakuu wao waliachiwa mwaka 2021, wakahukumiwa mwaka 2024 mwanzoni, na Desemba ya mwaka ule ule Mahakama Kuu ya juu kabisa ikaitengua hukumu na kuirudisha kesi isikizwe tena. Msomaji wa habari za mauaji atagundua kwamba neno «mauaji» halimo katika hukumu hizi. Limo neno «uzembe». Na auchunguze tofauti yake mwenyewe. Sisi twaona ya kuwa maiti haziijui.

Sasa yule atakaye kununua mashine kwa ajili ya nyumba kavu, afanyeje? Asiogope chombo, maji matupu hayakumwua mtu Korea. Lakini ajue anachokichagua. Iko mashine ya kuchemsha, inayotoa mvuke kama birika: vijidudu hufa motoni na chokaa hubaki ndani, ila hula umeme mwingi, tena yaweza kumwunguza mtoto akiivuta. Iko ya utambi na feni, ambayo hewa hupita katika kitambaa kilicholowa. Hii hutoa maji tu na kuacha takataka nyuma, lakini utambi husahauliwa ukaoza. Iko hii ya mtetemo, iliyo kimya na ya bei rahisi, nayo haichagui: kila kilichomo majini hukirusha hewani, iwe chokaa, iwe kuvu, iwe dawa. Ndiyo sababu vumbi jeupe huonekana juu ya samani za wanaotumia maji ya bomba. Akiipenda hiyo, atumie maji yaliyotoneshwa.

Tangi limwagwe na kukaushwa kila siku, na kusuguliwa kila siku ya tatu. Siki yatosha kuondoa chokaa, mradi isuuzwe vizuri kabla ya kuwasha. Ndani ya maji kisitiwe kitu, wala manukato, wala mafuta, wala dawa yoyote, hata kama kibandiko chaapa. Pamoja na mashine inunuliwe saa ndogo ya kupimia unyevu, isimame mbali na ukungu wenyewe. Ikionyesha kati ya 30 na 50 katika 100, yatosha. Ikipita 60, au madirisha yakianza kutokwa jasho, mashine izimwe, maana kuta zitaota kuvu, na mwenye nyumba atakuwa ameutafuta ugonjwa mwingine kwa fedha yake.