Breki pedi za pikipiki: mambo 5 ya kujua kabla hujamtumia mteja mzigo

Leo naongea na nyie mnaouza spea za pikipiki mtandaoni kama mimi: unapiga picha, unaweka bei, mteja anatuma hela, mzigo unapanda basi. Breki pedi zinatoka sana kwa sababu zinaisha haraka, ndiyo maana wengi tunaanza nazo. Na mimi nilianza nazo, nikakosea, na kosa lenyewe halikuishia kwenye hela.

Nipo Mbeya. Mwaka wa kwanza wa duka nilipata pedi za bei ya chini sana, boksi linang'aa. Nikachukua jozi 60. Nikawa naandika "pedi kali, zinadumu". Ukweli ni kwamba sikujua chochote, niliandika tu kwa sababu kila mtu anaandika hivyo.

Wiki ya tatu akanipigia dereva wa bodaboda wa Tukuyu. Alikuwa anashuka mteremko na abiria, mvua inanyesha. Akabana breki ya mbele, akasikia "kra", mkono wa breki ukazama. Lainingi ilikuwa imebanduka kwenye bamba lake. Wakaingia mtaroni. Yeye alichubuka, abiria alivunjika mkono.

Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Dogo, hizi pedi wewe ulizijaribu?" Sikuwa na jibu. Nilichangia matibabu, jozi 41 zilizobaki nikazikata kwa msumeno zisirudi sokoni, na mtaji ukaondoka nazo. Kuanzia hapo nikakaa na mafundi, nikajifunza. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. JUA AINA YA LAININGI

Pedi ina sehemu mbili: bamba la chuma nyuma, na lainingi inayosugua diski. Bei inatofautiana hasa kwa sababu ya hiyo lainingi. Zipo aina 3 kubwa.

Ya kwanza ni ya nyuzi zilizogandishwa kwa gundi maalumu. Ni laini, haina kelele, haili diski sana. Inafaa safari fupi za mjini. Tatizo lake inaisha mapema, hasa kwenye tope na vumbi, na ikipata joto kali la mteremko mrefu inapungua nguvu.

Ya pili ni hiyo hiyo iliyochanganywa na chembe za chuma. Inavumilia joto zaidi na inadumu zaidi. Kwa bodaboda wengi hii ndiyo ya katikati.

Ya tatu ni unga wa madini ulioshindiliwa na kuchomwa mpaka ukashikana. Hii inahimili joto, mvua na tope kuliko zote. Ila ni ghali, na inaweza kuila diski haraka kama diski haikutengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo usimuuzie mtu kwa sababu tu ni ghali. Muulize kwanza anaendesha wapi na anabeba nini.

2. SOMA HERUFI ZA NYUMA

Kwenye pedi nyingi utakuta herufi mbili kama FF, GG au HH. Ya kwanza ni msuguano breki ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata joto kali. F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55, na H ni zaidi ya 0.55.

Angalizo: herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani. Na inayoshika zaidi siyo lazima iwe bora kwa kila mtu. Kwenye barabara ya vumbi au tope, breki ya mbele inayokamata ghafla inaweza kumwangusha dereva ambaye hajaizoea. Na herufi zinaweza kuchapwa na yeyote, kwa hiyo usiishie hapo.

3. USIUZE KWA JINA LA PIKIPIKI PEKE YAKE

Mteja akisema "nataka pedi za TVS" au "za Boxer", bado hujajua kitu. Pikipiki ya jina lile lile unakuta toleo moja lina diski mbele, jingine lina dramu. Mwenye dramu hahitaji pedi, anahitaji brekshu. Na diski zenyewe zina kalipa tofauti.

Mimi naomba picha 2 za pedi ya zamani, mbele na nyuma, ikiwa imewekwa pembeni ya rula. Naangalia urefu, upana, na matundu au masikio yalipo. Tangu nianze hivi, mizigo ya kurudishwa imepungua sana, na nauli ya kurudisha mzigo unajua inavyouma.

4. KAGUA MZIGO UKIFIKA

Fungua boksi. Jaribu kupitisha ukucha kati ya lainingi na bamba: ukiingia, hiyo haiuzwi. Angalia nyufa na kingo zilizomeguka. Linganisha pedi mbili za jozi, unene uwe sawa. Laza bamba kwenye kioo, lisicheze.

Halafu kila nikileta aina mpya, jozi ya kwanza inafungwa kwenye pikipiki yangu na naitumia mwezi mzima kabla sijaweka picha. Inachelewesha mauzo, ndiyo. Lakini nikiandika "nimeitumia" nakuwa sidanganyi.

5. MAELEKEZO YA KUMTUMIA MTEJA

Haya nayatuma kila nikiuza, kwa maneno ya kawaida:

- Badilisha pedi zote mbili za kalipa kwa pamoja, usibadilishe moja.
- Safisha kalipa na pini zake. Pini zipakwe grisi maalumu ya breki, kidogo. Grisi au oili isiguse pedi wala diski. Pedi iliyolowa oili, tupa.
- Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kompresa, ni baya kwa mapafu. Futa kwa kitambaa kibichi.
- Ukirudisha pistoni ndani, chungulia kopo la mafuta ya breki lisifurike. Yanaharibu rangi ya pikipiki.
- Kabla hujaondoka, bana mkono wa breki mara kadhaa mpaka uwe mgumu. Ukisahau, breki ya kwanza inaweza isishike kabisa.
- Siku za kwanza breki taratibu taratibu ili pedi ikae vizuri kwenye diski. Usibebe mzigo mzito kwanza.
- Kila wiki angalia unene. Lainingi ikibaki milimita 2, badilisha. Usisubiri isikike chuma kwa chuma, maana hapo unanunua na diski.
- Mafuta ya breki yanavuta unyevu. Yabadilishwe kila miaka 2, na utumie DOT iliyoandikwa kwenye mfuniko.
- Kama hujawahi kufungua breki, mpelekee fundi.

Wadau, najua mtu akiona yako 8,000 na ya jirani 4,000, atakuuliza kwa nini. Mweleze tofauti kwa kifupi. Wapo watakaoondoka, waache waende. Wengine watarudi, na watakuja na wenzao wa kijiweni.

Yule dereva wa Tukuyu mpaka leo ananunua kwangu. Kila akiagiza ananiuliza lile lile, "umezijaribu?", na siku hizi namtumia picha ya pikipiki yangu.

Chukua maelekezo ya namba 5, yahifadhi kwenye simu, watumie wateja wako. Na kama una mzigo wa pedi stoo, kesho asubuhi zifungue, zipitishie ukucha.